Una disketi za zamani? Usiziingize kwenye kompyuta kabla ya kusoma makala hii

Vijana wengi leo wanaijua disketi kama alama ndogo tu ya kubofya ili kuhifadhi kazi kwenye kompyuta. Lakini wapo watu wazima katika makazi yetu ya wakimbizi, na katika vijiji vinavyotuzunguka, ambao bado wanazo disketi zenyewe. Zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti, au ziko chini ya sanduku, au kwenye kabati la ofisi ya shule ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Mwenye nazo anajua kilichomo, au anakumbuka nusunusu: daftari la ubatizo la parokia, alama za wanafunzi wa darasa la sita, hesabu za ushirika wa kahawa, orodha ya familia za kijiji iliyochapwa kabla ya vita.

Ikiwa wewe ni mmoja wao, makala hii ni yako.

Disketi ya inchi 3.5, ile ngumu inayoingia kwenye mfuko wa shati, ilitumika sana maofisini miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla flashi hazijaenea. Katika eneo letu hiyo ndiyo miaka ambayo watu wengi walikimbia: Burundi mwaka 1993, Rwanda mwaka 1994, Kongo mwaka 1996 na tena 1998. Makabati ya karatasi yalibaki nyuma. Mengine yaliungua, mengine yaliporwa. Disketi, kwa kuwa ni ndogo, ziliweza kusafiri na mwenyewe.

Sasa zina umri wa miaka 25, 30 au zaidi. Mashine za kuzisoma zinapungua kila mwaka, na Sony, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa, iliacha kuziuza Japani mwaka 2011. Kwa hiyo ni kweli kwamba muda unakwenda. Lakini haraka ndiyo inayoharibu disketi nyingi. Inaweza kukaa kabatini miaka 20 bila kupoteza kitu, halafu ikaharibika siku ile mtu anapoikuta, anafurahi, anaipeleka kwa jirani mwenye kisomaji cha disketi na kuiingiza hivyohivyo, na vumbi na kuvu yake.

Ili uelewe kwa nini, ni lazima kwanza ujue kilichomo ndani.

Ndani ya ganda la plastiki

Ganda gumu unaloshika siyo disketi yenyewe. Ndani yake kuna duara la plastiki nyembamba na laini, limepakwa pande zote mbili utando mwembamba wenye chembe za chuma. Maandishi yako yapo kwenye utando huo, yameandikwa kwa sumaku. Juu na chini ya duara kuna kitambaa chepesi cha kupunguza msuguano na kunasa vumbi. Mbele kuna kifuniko kidogo kinachoteleza, mara nyingi cha bati, ambacho hufunguka disketi inapoingia kwenye mashine.

Mashine huzungusha duara hilo mara 300 kwa dakika. Vichwa viwili vidogo vya kusomea, kimoja juu na kimoja chini, hugusa utando. Hapo ndipo disketi inapotofautiana na diski ngumu ya kompyuta, ambayo kichwa chake huelea bila kugusa. Kwa kuwa kichwa cha disketi kinagusa, punje moja ya mchanga ikikwama chini yake hukwaruza utando mzunguko baada ya mzunguko. Utando ukitoka, maandishi yametoka nao. Hakuna programu wala fundi awezaye kuyarudisha, kwa sababu yamegeuka kuwa unga wa kahawia kwenye kichwa cha mashine.

Na madhara hayaishii hapo. Kichwa kilichochafuka huchafua na kukwaruza disketi inayofuata. Mtu mwenye disketi kumi anaweza kuharibu zote kumi mchana mmoja, kwa kuanza na ile moja iliyoota kuvu.

Jambo la pili la kujua ni mahali orodha ya mafaili inapokaa. Disketi ya kawaida ya megabaiti 1.44 ina mizunguko 80 kila upande, kama mistari ya duara iliyopangwa mmoja ndani ya mwingine. Kila mzunguko umegawanywa katika sekta 18, na kila sekta inabeba baiti 512. Ukizidisha, pande zote mbili, unapata baiti 1,474,560. Picha moja ya simu ya leo haitoshei humo. Lakini maandishi matupu yanatosha kurasa mia kadhaa, yaani daftari zima la ubatizo la miaka mingi.

Sekta 33 za kwanza hazina maandishi yako. Zina ukurasa wa utambulisho wa disketi, ramani ya mafaili katika nakala mbili, na orodha ya majina ya mafaili. Zote zinakaa kwenye mzunguko wa nje kabisa, ule ulio karibu na ukingo. Na ukingo ni mahali ambapo unyevu na vumbi huingia kwanza. Kwa hiyo mara nyingi kinachoharibika mwanzo ni ile ramani, huku kurasa zenyewe zikiwa salama upande wa ndani. Kompyuta isipoweza kusoma ramani inakuambia kwamba disketi haijafomatiwa, na kukuuliza kama unataka kuifomati.

Jibu ni hapana. Kila mara, hapana. Ujumbe huo hausemi kwamba disketi ni tupu. Unasema tu kwamba ukurasa wa mwanzo hausomeki. Ukikubali, kompyuta itaandika ramani mpya, tupu, juu ya ile ya zamani, na inaweza kuandika juu ya kila kitu kingine pia. Ukisikia fundi anasema "tuifomati kwanza ndiyo ifunguke", chukua disketi yako, mshukuru na uondoke.

Angalia kwanza kwa macho

Fanya kazi hii mchana, mahali penye mwanga na pasipo upepo. Osha mikono na uikaushe. Ikiwa disketi zinanuka unyevu, funika pua na mdomo kwa barakoa, maana kuvu kavu hupeperuka na haifai kuvutwa kifuani.

Kabla ya jambo lolote, zuia kuandikwa. Kwenye kona moja ya disketi ya inchi 3.5 kuna kitufe kidogo cha plastiki kinachosogea. Kisogeze hadi tundu lionekane wazi. Tundu likiwa wazi, mashine inaweza kusoma tu; haiwezi kuandika, kufuta, kufomati wala kupachika virusi. Ikiwa kitufe kimevunjika na tundu limebaki wazi, ni sawa, usilizibe.

Upande wa pili wa disketi za megabaiti 1.44 kuna tundu lingine lisilo na kitufe. Hilo linaiambia mashine aina ya disketi. Zile za kilobaiti 720 hazina tundu hilo. Zamani watu walikuwa wakitoboa disketi za 720 kwa msumari wa moto ili wapate nafasi mara mbili, maana zilikuwa za bei nafuu. Ukikuta tundu lenye kingo mbaya za kuyeyuka, jua ni moja ya hizo. Jaribu kuisoma kama ilivyo, na isiposomeka, ziba tundu hilo kwa gundi ya karatasi ujaribu tena.

Sasa shika disketi, telezesha kifuniko kwa kidole na uangalie duara jeusi au la kahawia lililo ndani. Usiliguse. Upande wa nyuma kuna kitovu cha chuma. Kizungushe taratibu kwa ncha ya kidole ili uone duara lote, kisha geuza uangalie upande wa pili. Unatafuta mambo haya: vumbi, alama za vidole, madoa meupe au yenye matawi kama mizizi midogo (hiyo ni kuvu), na mistari ya duara inayopitisha mwanga. Mstari unaopitisha mwanga ni mahali ambapo utando umeshatoka. Hapo hapana tena kitu, ingawa sehemu nyingine zinaweza kuwa nzima.

Duara likigoma kuzunguka, usilazimishe. Huenda limeshikana na kitambaa kwa unyevu.

Zipange mafungu matatu: safi, zenye vumbi, zenye kuvu. Zenye kuvu ziweke mbali na nyingine. Na andika kila lebo kwenye daftari kama ilivyo, hata kama huelewi kilichoandikwa. "Mars 97 – 2/5" ina maana kwamba kuna disketi nne zaidi za kutafuta.

Kusafisha

Kitu kinachofaa ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Usikate tamaa ukiikosa kwenye duka la dawa. Muulize fundi wa simu. Mafundi wengi wanaitumia kusafishia bodi za simu zilizoingia maji, na unachohitaji ni kizibo kimoja tu. Ila hakikisha ni hiyo kweli. Mafundi wengine husafishia thina au petroli, na hizo zinayeyusha utando. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha vilevile. Spiriti yenye rangi ina vitu vilivyoongezwa vinavyobaki juu ya duara, na jeli ya kusafishia mikono ina glisirini inayonata. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa inaweza kutumika kwa shida, kwa sababu sehemu inayobaki ni maji na inachelewa kukauka.

Kama una disketi usiyoihitaji, jifunzie juu yake kwanza. Huu siyo ushauri wa kuruka.

Kwa vumbi la kawaida, puliza kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji. Kwa alama za vidole na kuvu kidogo, chukua kijiti cha pamba, kilowanishe kwa alkoholi bila kudondoka, telezesha kifuniko na ugusishe pamba kwenye duara huku mkono mwingine ukizungusha kitovu. Usisugue. Acha duara lipite chini ya pamba kama nguo inavyopita chini ya pasi isiyo na uzito. Badilisha kijiti kila kinapochafuka, kisha fanya upande wa pili. Pamba ikitoka na kahawia nyingi, simama: unatoa utando. Acha kifuniko wazi hadi ikauke kabisa, kivulini. Usiianike juani na usiiweke karibu na jiko.

Kuvu ikiwa nyingi, au disketi ilipitiwa na mafuriko, dirisha dogo la kifuniko halitoshi. Hapo inabidi kufungua ganda. Ondoa kifuniko cha bati polepole, ukiangalia springi ndogo isiruke. Ingiza kisu chembamba kwenye kona na uachanishe nusu mbili za ganda, kona moja baada ya nyingine. Toa duara kwa kushika kitovu cha chuma tu. Ganda la zamani na kitambaa chake vitupe, kwa sababu vimejaa mbegu za kuvu, lakini kwanza nakili lebo au ipige picha.

Duara unaweza kuliosha kwa maji yaliyotoneshwa yenye tone moja la sabuni ya vyombo. Maji hayo yanauzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea betri za gari. Sema waziwazi kwamba unataka maji na si asidi, maana watu wengine huviita vyote viwili "maji ya betri". Yanapendekezwa kuliko ya bomba au kisima kwa sababu hayaachi chumvi yanapokauka. Suuza kwa maji hayohayo yasiyo na sabuni, gusishia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na uache likauke likiwa limening'inizwa kwenye kitovu. Halafu litie ndani ya ganda safi kutoka kwa disketi nyingine isiyo na thamani, kitovu cha chuma kikitazama nyuma. Hutahitaji kuligundisha ganda hilo kwa nguvu. Linatakiwa kuishi kwa usomaji mmoja tu.

Kusoma: nakili disketi nzima, si faili mojamoja

Kisomaji rahisi kupatikana ni kile cha nje kinachochomekwa kwa waya wa USB. Kinasoma disketi za inchi 3.5 za megabaiti 1.44, na mara nyingi zile za 720. Uliza kwenye vituo vya kompyuta vya makazi, shule za sekondari na kwa mafundi wa mjini, kabla ya kununua chako. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye kisomaji ndani yake mara nyingi ni bora zaidi, kwa sababu vichwa vyake ni imara. Ukiona moja inauzwa kama chuma chakavu, angalia mbele yake kwanza.

Anza na disketi isiyo na thamani ili kuhakikisha kisomaji ni kizima na hakikwaruzi. Kisha ingiza ile safi zaidi kati ya zako. Zenye kuvu, hata baada ya kuoshwa, ziwe za mwisho. Sikiliza. Mlio wa tik-tik wa polepole ni kichwa kinachosogea, hauna ubaya. Mlio wa kukwaruza au wa kufoka kama filimbi ni hatari. Toa disketi mara moja, safisha tena, na usafishe vichwa vya mashine kwa pamba na alkoholi kabla ya kuendelea. Kichwa cha juu ni dhaifu sana, usikiinue.

Usifungue faili mojamoja kutoka kwenye disketi. Kila unapofungua, vichwa vinakwenda mbele na nyuma, na disketi dhaifu inaweza kukubali safari moja tu. Itumie safari hiyo kunakili kila kitu, sekta ya kwanza hadi ya mwisho, katika faili moja kwenye kompyuta. Kwenye Windows programu ya WinImage inafanya hivyo. Kwenye Linux, inayopatikana bure na inayofanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu, tumia ddrescue. Kwanza andika lsblk ili uone disketi imepewa jina gani. Ni ile yenye ukubwa wa 1.4M. Ikiwa ni sdb, amri ni hii:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb disketi01.img disketi01.map

Disketi nzima huchukua dakika moja hivi. Yenye matatizo inaweza kuchukua saa nzima, kwa hiyo hakikisha betri au sola ina chaji.

Uzuri wa ddrescue uko kwenye lile faili la mwisho, la .map. Linakumbuka sekta zipi zimesomwa na zipi zimekataa. Hii ina faida kubwa, kwa sababu visomaji havifanani. Disketi iliyoandikwa kwenye mashine ambayo vichwa vyake vilikuwa vimepinda kidogo inaweza kukataa kwenye kisomaji chako na kukubali kwenye cha jirani. Chukua kompyuta yako na mafaili hayo mawili, nenda kwa mwenye kisomaji kingine, toa amri ileile. Programu haitarudia zilizosomwa, itajaribu zile zilizokosekana tu, na kujaza mapengo. Visomaji vitatu tofauti vinaweza kukupa kile ambacho kimoja kisingetoa hata ukikirudia siku nzima.

Ukishapata nakala nzima, fungulia mafaili kutoka humo. Programu ya bure ya 7-Zip inaifungua kama folda ya kawaida. Ikiwa ramani imeharibika, PhotoRec, nayo ya bure, inapuuza ramani na kutafuta maandishi na picha moja kwa moja. Inaweza pia kupata vilivyofutwa. Kufuta faili kwenye disketi hizi kulibadilisha herufi ya kwanza tu ya jina lake na kuachia nafasi yake. Kurasa zenyewe zilibaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Usishangae basi ukikuta barua ambayo mwenyewe aliamini ameiondoa.

Kuna disketi ambazo kisomaji cha USB hakiwezi. Zile pana na laini za inchi 5.25, na za kompyuta za Macintosh za kilobaiti 400 na 800, zinahitaji mashine ya zamani iliyounganishwa na bodi maalumu kama Greaseweazle au KryoFlux, zinazosoma sumaku yenyewe bila kujali mpangilio. Kama unazo hizo, usizilazimishe. Zihifadhi vizuri na uulize idara ya kompyuta ya chuo kikuu au maktaba kubwa.

Faili zimetoka lakini hazifunguki

Hili ni tatizo dogo kuliko linavyoonekana. Mafaili ya miaka hiyo yaliandikwa kwa programu ambazo hazipo tena: WordPerfect, Lotus 1-2-3, dBase, Microsoft Works, Word za kwanzakwanza. Word ya leo hukataa baadhi yake. Pakua LibreOffice, ni ya bure, inafungua mengi ya hayo. Herufi zenye alama za Kifaransa zikionekana kama vituko, jaribu kubadilisha mpangilio wa herufi wakati wa kufungua kabla ya kudhani faili limeharibika.

Ukikuta faili la .zip au .arj linalodai disketi nyingine, basi kazi kubwa ilikatwa vipande na kugawanywa kwenye disketi kadhaa. Hapo ndipo ile "2/5" ya kwenye lebo inapokuwa na thamani.

Kuhusu virusi: disketi za miaka ya 1990 zilikuwa nazo kwa wingi. Vingi haviwezi kitu kwenye kompyuta ya leo, lakini vile vilivyojificha ndani ya nyaraka za Word bado vinaweza kusumbua. Kagua kwa antivirasi, na programu ikikuuliza kama uruhusu makro, kataa.

Majina ya watu wengine

Hapa nakuomba usome polepole. Huenda disketi ni yako, lakini majina yaliyomo si yako peke yako. Orodha za miaka hiyo mara nyingi zilitaja kabila. Nyingine zinataja nani alishuhudia nini, nani alipimwa ugonjwa gani, nani alikuwa mwanachama wa chama gani. Watu hao au watoto wao wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja nawe, au na yule waliyemkimbia.

Kwa hiyo usiache disketi kwa fundi ukaenda sokoni. Kaa naye. Nakala iingie kwenye flashi yako, ifutwe kwenye kompyuta yake na kwenye pipa la takataka la kompyuta, wewe ukiona. Usitume orodha kwenye kundi la WhatsApp hata kama unafurahi kuona jina la shule yako ya zamani. Ukitaka kumwonyesha mtu taarifa zake, mwonyeshe zake tu. Uganda na Kenya zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021 na Tanzania tangu 2022, na zinamhusu pia anayesambaza orodha bila ruhusa.

Na jihadhari na anayedai malipo yote mbele kwa ahadi kwamba atarudisha kila kitu. Aliyefanya kazi hii kweli atakuambia kwamba nyingine hazirudi.

Je, inafaa kama ushahidi?

Wengi wanauliza swali hili wakitumaini kwamba faili la zamani litakuwa cheti cha kuzaliwa, cha shule au hati ya shamba. Ukweli ni kwamba faili lililochapishwa leo si cheti. Tarehe ya faili hutokana na saa ya kompyuta, na saa hiyo mtu yeyote aliweza kuibadilisha.

Lakini lina nguvu ya namna nyingine. Linaweza kukupa namba ya daftari, mwaka, jina la shule au parokia, jina la aliyesaini. Barua inayosema "naomba nakala ya cheti changu, nilisoma hapo zamani" hupotea mezani. Barua yenye namba ya mtahiniwa na mwaka ina mahali pa kuanzia. Kwa hiyo usibadilishe chochote ndani ya faili la awali, hata kosa la herufi. Weka nakala nzima kama ilivyotoka, fanyia kazi nakala nyingine, na usitupe disketi yenyewe.

Ukikuta tarehe ya kuzaliwa au tahajia ya jina inayotofautiana na iliyo kwenye usajili wako wa ukimbizi, zungumza na dawati la msaada wa kisheria katika makazi yako kabla ya kuipeleka ofisi nyingine yoyote. Tofauti kama hizo ni za kawaida na zinaelezeka, mradi uzieleze mwenyewe mapema.

Hifadhi nakala sehemu mbili zisizo chini ya paa moja, flashi moja kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini. Disketi zenyewe zisimamishe wima kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na spika za redio, ambazo zina sumaku, na mbali na bati la paa ambalo mchana huwaka. Ndani ya kopo weka karatasi yenye orodha ya ulichokuta katika kila disketi, tarehe uliyoisoma, na sekta ngapi zilikataa, ili atakayejaribu tena na kisomaji kingine ajue aanzie wapi.